Mshauriwa na Kauli Yake: Lugha ya Ushauri Nasaha katika Shule za Kenya

Utangulizi

Kabla ya kurejea chuoni kusomea shahada ya uzamili, nilifundisha kwa mwaka mmoja na nusu katika shule moja ya upili ya kutwa. Katika muhula wa pili niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya methali. Walitakiwa watunge kisa kitakachodhihirisha ukweli wa methali 'Siri ya mtungi aijuaye kata'. Mwanafunzi mmoja aliandika kisa cha msichana ambaye tangu afiwe na mamake huamka saa tisa za usiku kuwaandalia wadogo zake, hali chakula kikamshuka, na usingizi umemhama. Alianza kisa chake katika nafsi ya tatu, 'yeye'. Katika aya ya tatu, pasi na taarifa, 'yeye' akageuka kuwa 'mimi', na 'mimi' akabaki hadi ukurasa ukaisha. Nililizungushia badiliko hilo duara jekundu, nikaandika pambizoni, 'Umebadili nafsi bila sababu.' Nikasahihisha 'nilikua' kuwa 'nilikuwa' mahali panne, kisha nikamtuza alama 11 kwa 20.

Muhula wa tatu hakurudi. Wenzake walisema amekwenda kuishi kwa shangazi yake, mbali. Daftari lake lilisalia katika rafu yangu, na siku nilipokuwa nikiipanga rafu hiyo ndipo nilipoisoma insha ile mara ya pili. Duara langu jekundu lilikuwa limezunguka mahali hasa alipokuwa akiniambia habari zake.

Shule ile ilikuwa na ofisi ya ushauri nasaha. Mlango wake ulikuwa na kibao, na ndani mlikuwa na meza, viti viwili na kalenda. Mwanafunzi yule alipita mbele ya mlango huo kila asubuhi kwa muda wa miaka karibu mitatu wala hakuingia hata siku moja. Aliona heri aiambie karatasi ya insha.

Makala haya yananuia kuchunguza sababu ya hali hiyo, na yanaitafuta katika eneo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna haki na wajibu wa kulizungumzia, yaani lugha. Sina nia ya kuwafundisha wanasaikolojia kazi yao. Hoja yangu ni kwamba huduma hii imepewa jina, istilahi na desturi za mazungumzo ambazo zinamkabidhi mwalimu kusema na kumwachia mwanafunzi kunyamaza. Na kwamba Kiswahili hichohicho kina hazina nyingine, ya kusikiliza, ambayo hatujaitumia. Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 huishi na tatizo la afya ya akili. Ukisimama mbele ya darasa la wanafunzi 49, piga hesabu mwenyewe.

Ofisi iliyorithi kiboko

Huduma hii si ngeni katika sera zetu. Wizara ya Elimu iliunda kitengo cha uelekezi na ushauri mwaka 1971, na ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikaitilia mkazo. Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi tuliihusisha na kuchagua masomo na kutafuta kazi. Kilichoisukuma hadi mstari wa mbele ni msiba. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Mwaka huohuo, kupitia Tangazo la Kisheria nambari 56, adhabu ya viboko iliondolewa katika kanuni za shule. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zikaja kukikaza kifundo hicho.

Mwalimu aliyekuwa amezoea kiboko aliambiwa akiweke chini na ashike ushauri nasaha. Nafikiri hapo ndipo mambo yalipopindika. Kitu kinachowekwa mahali pa kingine hurithi kazi ya kile kilichoondoka. Kazi ya kiboko ilikuwa kurudi, kwa maana ya zamani ya neno hilo, yaani kutia adabu. Basi ushauri nao ukatwaa kazi ya kurudi. Katika shule nyingi mwanafunzi hupelekwa ofisini baada ya kutoroka, kupigana au kunaswa na simu. Akisimamishwa masomo, arudipo na mzazi wake hupitishwa huko kabla ya kuingia darasani. Wanafunzi huiita 'gaidansi', na ukisikia kwamba fulani 'ameitwa gaidansi' huulizi anaumwa na nini. Unauliza amefanya nini.

Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 baada ya janga la korona, na visa vya fujo vikaripotiwa, mjadala wa kurejesha kiboko ulizuka upya. Nilichokigundua katika mjadala ule ni kwamba pande zote mbili ziliviona kiboko na ushauri kuwa majibu mawili ya swali moja: tuwatulizeje wanafunzi? Mwanafunzi wangu alikuwa ametulia tayari. Hakuvunja kanuni yoyote, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu wa kumpeleka popote.

Ni kweli kwamba misiba mikubwa huwaleta washauri kwa wingi. Baada ya wanafunzi 21 kufariki katika moto wa Hillside Endarasha Academy, Nyeri, mnamo Septemba 2024, wataalamu walifika kuwaliwaza manusura na wazazi. Hilo lilikuwa jema na la lazima. Ila msiba wa mtoto mmoja, nyumbani mwake, hauna kamera wala mahema.

Wosia na sauti ya dhiki

Tulitazame jina lenyewe. 'Nasaha' ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni maneno ya kweli atoayo mtu mwenye nia njema kwa mwenzake. Ni neno tukufu katika fasihi yetu. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake, yapata mwaka 1858, alimwita bintiye akae karibu na wino na karatasi, ayaandike atakayoambiwa. Shaaban Robert naye alimwandikia bintiye 'Utenzi wa Hati' na mwanawe wa kiume 'Utenzi wa Adili'. Katika tungo hizi zote anayesema ni mzazi. Mtoto yupo, anapendwa, anaitwa kwa jina la upole, lakini hatusikii neno lake hata moja. Binti wa Mwana Kupona ana kalamu mkononi, na anachoandika ni maneno ya mamake.

Silaumu utanzu huo, kwa kuwa wosia ni wosia. (Fauka ya hayo, wengi wetu husahau kwamba Mwana Kupona huanza kwa kueleza ugonjwa wake mwenyewe uliomshika mwaka mzima, yaani mtoa nasaha hutangulia kujifunua. Ni walimu wangapi wa ushauri wafanyao hivyo?) Ninachosema ni kwamba jina 'nasaha' lilipopewa huduma ya kumsaidia mtoto aliyeelemewa, lilikuja na mpangilio wake: mkubwa ananena, mdogo anapokea. Methali tunazozibandika katika kuta za ofisi hizo hutoka upande huohuo. 'Asiyesikia la mkuu huvunjika guu' niliiona kwa macho yangu juu ya kiti cha mwanafunzi.

Istilahi zinazozunguka jina hilo hazisaidii. Anayetoa huduma ni mshauri. Anayeipata ni mshauriwa, au kwa wenzetu wa Tanzania waliochagua 'unasihi', mnasihiwa. Msomi wa sarufi haoni ugumu hapo: ni nomino zilizoundwa kutokana na kauli ya kutendwa. Lakini hebu tumpange mshauriwa pamoja na jamaa zake wa karibu, mtahiniwa na mshtakiwa. Wote watatu wameketi upande mmoja wa meza. Wote wanangoja. Wote watatendwa jambo na mtu aliye upande wa pili. Nina shaka kama mtoto wa kidato cha pili hufanya uchanganuzi wa mofolojia kabla ya kubisha hodi, ila kiti anakifahamu, kwa sababu amekwisha kukikalia mara nyingi.

Hata hivyo, neno 'ushauri' lina uso wa pili. Kitenzi chake hupokea kiambishi cha kutendana vizuri kabisa: tunashauriana. Watu wakifanya shauri, kila mmoja ana la kusema, na uamuzi huzaliwa katikati yao. Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka tulitupe neno hili na kulitohoa lile la Kiingereza. Tulirudishe tu katika kauli yake ya kutendana.

Tena fasihi yetu haikuishia kwenye wosia. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, alitunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la 'Sauti ya Dhiki', mengi yao akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Dhiki yake ilikuwa ya kisiasa, nami sitaki kuifananisha na ya mtoto aliyefiwa. Ninachokitazama ni nani anayesema. Hapa mwenye kauli ndiye mwenye mateso, na msomaji ndiye anyamazaye. Ikiwa ofisi ya ushauri shuleni inahitaji mfano kutoka katika fasihi ya Kiswahili, basi mfano wake ni huu wa pili. Mwanafunzi wangu aliyeandika 'mimi' katika aya ya tatu alikuwa mtunzi wa dhiki, nami nilimsoma kama mtahini.

Sijambo, na maneno mengine ya kufichia

Kuna jambo jingine, nalo limo katika salamu zetu za kila siku. 'Hujambo?' maana yake ni kumwuliza mtu kama hana jambo. Jibu la adabu ni moja tu: 'Sijambo', sina jambo. Mwenye homa atasema hajambo kidogo. Mwenye msiba atasema 'nzuri' kwanza, kisha aseme 'lakini'. Mwalimu anayemwuliza mtoto 'Hujambo?' huku akipita, na akajibiwa 'Sijambo, mwalimu', hajaambiwa chochote. Siku hizi jibu ni 'Niko sawa', nalo linafanya kazi ileile. Sisemi tuziache salamu. Nasema kwamba atakaye kumjua mtoto asiishie kwenye salamu, kwa sababu salamu katika Kiswahili ni mlango ambao adabu yenyewe huufunga.

Ugumu mwingine umo katika istilahi 'afya ya akili'. Katika vyombo vya habari na katika sera imekwisha kukubalika, na sina haja ya kuipinga. Lakini tukumbuke kwamba shuleni neno 'akili' lina makao yake maalumu. Akili ndiyo ipimwayo kwa mtihani. 'Tumia akili', 'mtoto huyu hana akili', 'ana akili lakini ni mvivu': haya ndiyo mazingira ambamo mwanafunzi hulisikia neno hilo tangu darasa la kwanza. Mtangazie kwamba Ijumaa kuna kikao kwa wenye matatizo ya akili, uone nani atakuja. Nyuma ya neno hilo limejificha jingine zito zaidi, wazimu, na nyuma ya wazimu kuna jina la mahali. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ina historia inayorudi hadi mwaka 1910, na imewatibu watu wengi wakarudi makwao. Katika mabishano ya wanafunzi, hata hivyo, 'wewe ni wa Mathari' ni tusi.

Kiswahili chenyewe hakikuliweka huzuni katika akili. Kililiweka moyoni na kifuani. Moyo huwa mzito, huvunjika, hufa, hutiwa nguvu. Aliyepatwa na pigo la kufiwa ana kihoro. Mwenye huzuni ndefu ana jitimai au simanzi. Asiyetulia kwa hofu ana wahaka. Anayeumia ndani kwa ndani anasononeka, na ni kutokana na kitenzi hicho wenzetu wa Tanzania walipata 'sonona' kwa maana ya ule ugonjwa ambao magazeti yetu huuita 'unyogovu'. Maneno haya hayalingani na majina ya hospitalini moja kwa moja, na mtu asije akadhani kwamba kihoro ni ugonjwa. Kihoro ni haki ya mfiwa. Lakini mtoto anayeweza kutofautisha kihoro na wahaka, au uchovu na sonona, ana uwezo wa kumweleza mtu mahali panapouma. Yule mwenye neno moja tu, 'stresi', ataliita stresi deni la karo, kifo cha mzazi, na mkono wa mjomba uliomgusa usiku.

Neno ninalolipenda zaidi katika hazina hii ni 'dukuduku'. Ni lile jambo linalomkaa mtu moyoni, halijasemwa, na linamsumbua kwa sababu halijasemwa. Kulitoa kuna kitenzi chake cha kila siku: kutoa dukuduku. Hakuna ugonjwa hapo, hakuna kosa, hakuna aibu. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha maandishi ya kibao cha mlango mmoja tu, ningeandika neno hilo.

Riwaya mbili

Wanafunzi wa fasihi hawana sababu ya kulichukulia suala hili kuwa la idara nyingine. Euphrase Kezilahabi alipochapisha 'Rosa Mistika' mwaka 1971 alimchora msichana aliyelelewa kwa hofu ya baba mlevi na mkali, akaingia shuleni na chuoni akiwa hana wa kumweleza kilichomo moyoni, na mwisho akajitoa uhai. Riwaya hiyo imejadiliwa sana kwa upande wa malezi na maadili. Kila ninapoirudia, kinachonigusa ni wingi wa watu wenye la kumwambia Rosa, na uchache wa wenye la kumwuliza. Makemeo yamo, maonyo yamo. Swali halimo.

Mfano wa pili unajulikana na kila aliyefanya mtihani wa KCSE kati ya mwaka 2018 na 2022. Katika 'Chozi la Heri', riwaya ya Assumpta Matei, Umulkheri ameachwa na mamake, amefiwa na babake, na nduguze wawili wametoroshwa na yaya. Huko shuleni anawapata Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, na wasichana hawa wanasimuliana maisha yao, kila mmoja na kisa chake. Tulipokuwa tukiifundisha sehemu hiyo, tuliipitia haraka kama orodha ya maudhui: ukimbizi, ndoa zilizovunjika, mimba za mapema, uyatima. Mwanafunzi aliweza kuyataja yote manne na kupata alama zake. Hatukuuliza kwa nini mwandishi aliwapa wasichana hao nafasi ya kusimulia mmoja baada ya mwingine, na kwa nini kila mmoja alipomaliza, mwenziwe alianza lake badala ya kumpa nasaha. Nadhani Matei alikuwa akituonyesha ushauri jinsi unavyofanyika wakati hakuna mshauriwa, yaani wakati wote wana kauli.

Kazi ya msikilizaji

Anayesikiliza hafanyi kazi ndogo, na katika fasihi simulizi tumeifundisha kazi hiyo bila kujua kwamba tunaifundisha. Fanani akisema 'Paukwa', hadhira hujibu 'Pakawa', na bila jibu hilo ngano haiendi. Katikati ya masimulizi hadhira huitikia 'Ehe!', 'Kumbe!', 'Ikawaje?' Haikatizi kwa kusema, 'Sungura angefanya hivi.' Mwalimu anayeketi na mtoto angeanza na maneno hayo matatu tu angekuwa amepiga hatua kubwa kuliko yule mwenye hotuba ya nusu saa. Kwa hayo tuongeze 'pole', neno ambalo lugha nyingi zingetuonea wivu. Pole haikiri kosa, haitoi hukumu wala dawa. Humwambia mtu kwamba uzito wake umeonekana. Lakini ni sharti inyamaziwe baada ya kusemwa. 'Pole, lakini wenzako wana matatizo makubwa zaidi' si pole.

Lugha gani? Yoyote aijiayo nayo mtoto. Katika shule ambamo wanafunzi huvishwa diski kwa kusema lugha ya mama, na Sheng huadhibiwa, ofisi hii ingekuwa mahali ambapo hakuna anayesahihishwa. Naandika haya nikijua kwamba baadhi ya walimu wangu watayasoma kwa kukunja uso. Mimi pia hukereka nikisikia 'nilikua'. Ila kuna saa ya kufundisha tahajia na kuna saa nyingine.

Kisha kuna suala la siri. Waswahili humsema mtu asiyeweza kutunza siri kuwa hana kifua. Mwalimu wa ushauri asiye na kifua, ambaye kisa alichokisikia saa nne kimefika katika chumba cha walimu saa sita, ameifunga ofisi yake kwa miaka mingi. Hata hivyo, kifua kina mpaka, na mpaka huo lazima mtoto aambiwe kabla hajaanza kusema. Yakiwapo maisha hatarini, au akiwapo anayemdhulumu mtoto, mwalimu hana ruhusa ya kunyamaza. Mathalani, Waraka nambari 3 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka 2010 humtaka mwalimu aliyepata habari za dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aziripoti katika muda wa saa 24. Kumwahidi mtoto kwamba 'sitamwambia yeyote' ni kumwahidi usichoweza kutimiza. Heri useme, 'Nitayaweka, isipokuwa nikiona kuna hatari. Na hapo nitakwambia kwanza ninayekwenda kumweleza.'

Kuna swali ambalo walimu wengi huliogopa, nalo ni lile la kujiua. Hofu yao ni kwamba kulitaja ni kulipanda. Wataalamu wa afya ya akili wanasema kinyume: kumwuliza mtu kwa upole na kwa uwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo, na mara nyingi humpa nafuu ya kuwa na wa kumwambia. Tusizungukezunguke kwa tafsida hadi mtoto ashindwe kujua tunauliza nini. Sheria yenyewe ilichangia ukimya huu, maana kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mnamo Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakinzana na Katiba. Aliyekuwa akikiri kwa mwalimu alikuwa, kisheria, akikiri kosa.

Mwalimu asikilizaye si daktari, na asijifanye daktari. Tangu mwaka 2014 tuna sheria inayosimamia kazi ya washauri na wanasaikolojia, na mwalimu mwenye vipindi 27 kwa wiki aliyekabidhiwa ufunguo wa ofisi hageuki kuwa mtaalamu kwa ufunguo huo. Anachoweza ni kusikia mapema, na kumfikisha mtoto kwa anayeweza: hospitali ya kaunti, afisa wa watoto, au namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo. Mapema ndilo neno lenye uzito hapo.

Kuhusu istilahi

Ninalo pendekezo dogo kwa wanachama wenzangu wanaoshughulikia istilahi. Badala ya mshauriwa, tujaribu 'mwenye jambo'. Si neno moja, najua, na halitapendeza katika majedwali ya wizara. Lakini linamweka mtoto katika kauli ya kutenda, tena linaijibu salamu yetu kwa ukweli: aliyeulizwa kama hana jambo, analo. Mwenye neno bora zaidi, hasa kutoka katika lahaja za Kaskazini ambako maneno ya moyo ni mengi kuliko niliyoyataja, alilete tulijadili.

Swali la insha

Baada ya kuyaeleza haya katika semina yetu, mhadhiri mmoja aliniuliza swali la haki: je, kosa la kubadili nafsi lisiadhibiwe? Mtahini wa KCSE hatajua kilichomo nyuma yake. Jibu langu ni kwamba liadhibiwe. Mwanafunzi anastahili kufundishwa kuandika. Ila kalamu nyekundu si kalamu pekee mezani, na mwalimu wa Kiswahili, kuliko mwalimu yeyote mwingine shuleni, ndiye ambaye kila wiki mbili huletewa kurasa 50 za mambo ambayo watoto hawakuyasema kwa midomo yao.

Ninakofundisha vipindi vichache kwa sasa nimeanza kusoma kila insha mara mbili, ya kwanza bila kalamu. Nikikutana na 'yeye' anayegeuka 'mimi', huandika kwa penseli, kwa herufi ndogo, chini ya alama: 'Nimekisoma kisa chako. Ukipenda tuzungumze, mimi nipo maktabani saa ya chakula.' Muhula uliopita niliyaandika maneno hayo katika madaftari matatu. Wawili walikuja. Wa tatu aliniambia mlangoni kwamba ile ilikuwa hadithi tu, mwalimu, na huenda ilikuwa hadithi tu. Nilimwambia nimefurahi kusikia hivyo, na kwamba saa ya chakula bado nipo maktabani.